Baada ya kubusti gari, redio imekufa na taa ya betri haizimi: nifunge waya kwenye fyuzi?

"Gari langu ni la petroli, gia za automatiki. Nilisafiri, likakaa wiki mbili bila kuwashwa. Niliporudi nikazungusha ufunguo, nikasikia tka-tka-tka tu na taa za dashibodi zikafifia. Jirani akaleta gari lake na waya za kubusti. Ilikuwa usiku, tukachanganya nyekundu na nyeusi kwenye betri yangu, ikapiga cheche kubwa, tukachomoa haraka. Tukaunganisha upya inavyotakiwa, tukasubiri, gari likawaka. Tangu hapo redio haiwaki, soketi ya kuchajia simu haifanyi kazi, na taa nyekundu ya betri haizimi hata injini ikiwa inanguruma. Nimeendesha safari moja fupi, njiani taa zikaanza kuwa hafifu, nikafika nyumbani nikazima, sasa haliwaki tena. Rafiki yangu anasema ni fyuzi tu imeungua: niizungushie ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, au niweke ya ampea 30 ili isiungue tena, halafu nibusti niendelee na shughuli zangu. Je, ni salama? Na nikibusti tena, nifanyeje nisiharibu zaidi?"

Nianze na jibu fupi, maana huenda rafiki yako amesimama hapo na karatasi mkononi. Usiizungushie chochote, usiweke fyuzi ya ampea 30, na usibusti kwa nia ya kuingia barabarani. Katika yote uliyoeleza, redio ndiyo hasara ndogo. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo taa nyekundu ya betri. Ikibaki inawaka wakati injini inanguruma, maana yake altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, haipeleki chaji, na gari linakula akiba iliyomo kwenye betri mpaka iishe. Ndivyo ilivyokutokea kwenye safari yako fupi. Ukibusti leo huenda likawaka, utaondoka nalo, kisha litakuzimikia mahali ambapo hukupanga kusimama. Na kwa kuwa usukani wa magari mengi ya sasa husaidiwa na mota ya umeme, unaweza kuwa mzito ghafla ukiwa katikati ya kona.

Kwa hiyo una matatizo matatu yaliyofuatana, na kila moja linataka jibu lake: betri ililala kwa sababu fulani, chanya na hasi zikageuzwa, na sasa gari halijichaji. Nitaanza na fyuzi kwa sababu ndiyo uliyoiuliza, na kwa sababu ushauri uliopewa umeshaunguza magari ya watu.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba fyuzi ya redio ipo kwa ajili ya kulinda redio. Kazi yake hasa ni kulinda waya. Waya unaokwenda kwenye redio ni mwembamba, umefungwa pamoja na nyaya nyingine nyingi, na fungu zima linapita nyuma ya dashibodi palipojaa plastiki, sponji na zulia. Kila waya una kiasi cha mkondo unachoweza kubeba bila kupata joto la kudhuru. Na joto haliongezeki sambamba na mkondo, bali kwa kipeo cha pili: mkondo ukiwa mara mbili joto linakuwa mara nne, mkondo ukiwa mara tatu joto linakuwa mara tisa. Aliyetengeneza gari alijua unene wa waya huo, akaweka mwanzoni mwake kipande kidogo cha chuma kitakachoyeyuka kabla ganda la waya halijayeyuka.

Sasa chukua fyuzi ya ampea 10, weka mahali pake ya ampea 30. Hitilafu ikiwa bado ipo, umeuruhusu waya uleule mwembamba kubeba mkondo mara tatu, na joto mara tisa, kabla fyuzi haijashtuka. Haitaungua kweli, rafiki yako amesema sawa hapo. Kitakachoungua ni waya, na moto utaanzia nyuma ya dashibodi ambako mkono wako haufiki. Karatasi ya pakiti ya sigara ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna mtu anayejua itakatika kwa ampea ngapi, au kama itakatika.

Nisisitize pia kwamba fyuzi haiungui ovyo. Ya ampea 10 inaweza kubeba ampea 11 kwa saa nyingi bila kukatika, na huvumilia mkondo unaozidi kidogo kwa muda mfupi, kwa sababu vifaa vingi huvuta umeme mwingi kwa nukta ile ya kuwashwa. Ikikatika, kuna jambo limetokea. Kwa upande wako tunalijua: umeme uliingia kinyumenyume.

Basi iangalie hivi. Zima gari, toa ufunguo, fungua boksi la fyuzi lililoko chini ya dashibodi. Nyuma ya mfuniko wake au kwenye kitabu cha gari kuna mchoro unaoonyesha kila fyuzi ni ya nini na ni ya ampea ngapi. Tafuta ya redio na ya soketi ya kuchajia. Mara nyingine ni moja kwa zote mbili, na hilo lingeeleza kwa nini vimekufa pamoja. Ichomoe kwa kikoleo kidogo cha plastiki ambacho kwa kawaida hukaa humohumo ndani ya boksi, uinyanyue kwenye mwanga. Utaona kijimkanda cha chuma kilichopinda, kinachounganisha miguu miwili. Kikiwa kimeachana katikati na ncha zake zimejikunja kuwa vidonge vidogo, bila masizi, mara nyingi huwa ni mzigo uliozidi polepole. Plastiki ikiwa imeingia weusi, au ina vitone vya chuma vilivyorushwa ukutani, mkondo mkubwa ulipita kwa ghafla. Natarajia yako iwe ya namna hii ya pili.

Weka mpya yenye namba ileile, si zaidi. Fyuzi hizi bapa zina rangi zinazotambulika: kahawia ni ampea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Hata hivyo soma namba iliyopigwa juu yake, maana rangi hupauka. Na usitazame tu namba ya fyuzi uliyoitoa: linganisha na mchoro, kwa sababu huenda aliyekuwa na gari kabla yako naye alipata rafiki wa kumshauri.

Kuna matumaini mazuri kwa redio. Redio nyingi za gari zina daiodi ya kinga, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye mlango wa umeme. Chanya na hasi zikigeuzwa, daiodi hiyo hufungua njia ya mkato makusudi ili fyuzi iungue mapema, umeme usifike kwenye sehemu laini za ndani. Ukibadilisha fyuzi ikakaa na redio ikaimba, shukuru, jambo hilo limeisha. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, huenda daiodi yenyewe imekufa kwa kushikana, au waya una shoti. Hapo usiweke ya tatu. Acha nafasi hiyo tupu mpaka fundi aitazame. Gari halihitaji redio ili litembee.

Sasa taa nyekundu. Betri mbili zikiunganishwa inavyotakiwa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, tofauti kati yao ni volti moja au mbili, basi mkondo unaopita unadhibitika. Zikigeuzwa, volti zinajumlishwa: 12 na ushei za jirani, na 10 au 11 zako, zaidi ya 22 kwa jumla, kwenye mzunguko usio na kizuizi isipokuwa nyaya zenyewe. Mkondo hufika mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo ile cheche.

Wakati huohuo umeme uliogeuka ulipenya kwenye gari lako, na njia iliyo wazi kuliko zote ni altaneta. Ndani yake kuna daiodi, kwa kawaida sita au zaidi, zinazoruhusu mkondo kutoka altaneta kwenda kwenye betri na kuuzuia kurudi. Umeme ukija kinyume, daiodi zote zinafunguka kwa pamoja na kuupitisha moja kwa moja. Kinga pekee hapo ni fyuzi kuu, kubwa, ya ampea 80 mpaka 140 kutegemea gari, ambayo mara nyingi hufungwa kwa nati ndani ya boksi lililo chini ya boneti au juu kabisa ya kichwa cha chanya cha betri. Ukiwa na bahati, fyuzi hiyo ilikatika kabla daiodi hazijaungua. Bahati ikikosekana, daiodi zimeondoka. Kwenye dashibodi dalili ni moja, taa nyekundu, ila kazi ni tofauti sana: fyuzi kuu hubadilishwa kwa muda mfupi, daiodi zinataka altaneta ishushwe na kufunguliwa au kubadilishwa nzima.

Mwenye multimita, yaani mita ya kupimia umeme, anaweza kukuondolea shaka. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 imebaki robo hivi, na chini ya 11.9 imekwisha. Injini ikinguruma, volti kwenye vichwa vya betri zinapaswa kupanda na kukaa kati ya 13.8 na 14.7. Zikibaki 12 na kuendelea kushuka, altaneta haichaji. Kisha mpimaji aweke waya mwekundu wa mita kwenye nati ya nyuma ya altaneta, ule mweusi ubaki kwenye hasi ya betri. Injini ikiwa imezimwa, betri yenye chaji, na hapo pasomeke sifuri au karibu na sifuri, fyuzi kuu imekatika. Pakisoma sawa na betri, fyuzi ni nzima na mashaka yanahamia kwenye altaneta yenyewe.

Kuna kipimo kingine ambacho utakutana nacho, nami nakuomba usikiruhusu kwenye gari lako: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma "kuona kama altaneta inafanya kazi." Betri hutuliza umeme unaotoka kwenye altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka kwa nukta ndogo hadi kiwango kinachoua kompyuta ya injini. Enzi za magari yasiyo na kompyuta kipimo hicho kilivumilika. Sasa multimita inatoa jibu hilohilo bila hatari yoyote.

Mwombe jirani pia akague waya zake za kubusti karibu na vibanio, kama ganda limelainika au limeachana na shaba, na aipime betri yake. Ile cheche ilipita kwake vilevile.

Turudi mwanzo: kwa nini betri ililala? Gari lililozimwa huendelea kunywa umeme kidogo kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Kawaida ni kati ya ampea 0.02 na 0.05. Tuchukue hiyo kubwa: 0.05 kwa saa 24 ni ampea-saa (ampea mara saa) 1.2 kwa siku, na kwa wiki mbili ni karibu 17. Betri ya ampea-saa 60 iliyo nzima na iliyojaa ingebaki na zaidi ya 40, ikawasha gari bila shida. Kwa hesabu hiyo wiki mbili peke yake hazitoshi kuiua. Ama betri yako imezeeka na haibebi tena kile kilichoandikwa juu yake, ama haikuwa imejaa ulipoondoka, ama kuna kitu kinanyonya. Taa ndogo ya buti ya wati 5 ikibaki inawaka kwa sababu swichi ya mlango haigusi vizuri, huvuta ampea 0.4, karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri nzima ya 60 inakwisha katika siku sita.

Ule mlio wa tka-tka-tka nao una maana yake. Swichi ya stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, inavuta, stata inaomba mkondo mkubwa, volti zinaporomoka, swichi inaachia, volti zinapanda tena, inavuta tena. Ni alama ya betri iliyoishiwa au kichwa kilicholegea. Ukisikia tka moja tu nzito na taa za dashibodi zinang'aa kama kawaida, kubusti huenda kusisaidie, tatizo liko upande wa stata au waya zake. Na kabla ya kuilaumu betri yoyote, shika vichwa vyake uvizungushe kwa mkono. Kikisogea, hakijakaza. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeota hapo, umeme unapita kwa shida. Husafishwa kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi soda na brashi, baada ya kufungua kichwa cha hasi kwanza, na hasi hiyohiyo ndiyo inayorudishwa mwisho.

Sasa kubusti. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hatari kubwa imejificha kwenye hatua ya mwisho, ambayo wengi huifanya kwa haraka wakiwa wameshapumua.

Betri ya gari ina maji yenye asidi ya salfuriki, na inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ikishafika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Betri inayopasuka hurusha vipande vya plastiki na asidi usoni kwa mtu aliyeinama juu yake. Halitokei mara nyingi, ila likitokea linachukua macho. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna kiberiti cha kumulikia, na usiinamishe uso juu ya betri. Miwani ya kinga ikipatikana, vaa. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Vua pete, saa ya chuma na bangili pia. Ni kweli volti 12 hazikurushi, lakini pete ikigusa spana iliyo kwenye chanya huku spana hiyo imeegemea bodi ya gari, inakuwa nyekundu kwa moto kabla hujapiga kelele.

Itazame betri kabla ya kuigusa. Iliyopasuka, iliyovimba, inayovuja, iliyoganda kwa barafu au inayonuka kama mayai viza haibustiwi. Hiyo inatolewa.

Hakikisha magari yote mawili ni ya volti 12. Lori na mabasi mengi hutumia volti 24, na kubusti gari dogo kutoka kwenye mfumo mzima wa lori ni kuua kompyuta. Gari la haibridi au la umeme lisitumike kutoa msaada isipokuwa kitabu chake kiruhusu. Kupokea msaada kwenye betri yake ndogo ya volti 12 mara nyingi inawezekana, ila sehemu za kuunganisha zinaonyeshwa kwenye kitabu na zile nyaya za rangi ya chungwa za volti kubwa haziguswi kabisa.

Waya za kubusti ziwe nene. Kwa injini ndogo ya petroli, shaba ya milimita za mraba 16 inafaa. Kwa dizeli kubwa, 25 au zaidi. Stata ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200 na zaidi, na ya dizeli huvuta nyingi kuliko hizo. Waya nyembamba zenye ganda nene huonekana imara mkononi, kumbe ndani shaba ni kidogo, zinapata moto na gari haliwaki.

Egesha magari karibu lakini yasigusane. Zima yote mawili, gia kwenye P au huru, breki ya mkono juu, taa na feni zimezimwa. Kisha, na hapa ndipo mlipokosea usiku ule, mulika kwa tochi usome alama za + na − zilizochapwa kwenye mwili wa betri. Usiamini rangi ya waya wala ya kifuniko peke yake, kwa kuwa vifuniko hubadilishwa na mafundi. Futa vumbi mpaka uione alama kwa macho yako, na mwenzako naye aithibitishe.

Unganisha kwa mpangilio huu: kibanio chekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, chekundu cha pili kwenye chanya ya betri nzima, cheusi kwenye hasi ya betri nzima. Kile cheusi cha mwisho hakirudi kwenye betri iliyokufa. Kibane kwenye nati au chuma kisicho na rangi kwenye mwili wa injini iliyokufa, mbali na betri na mbali na mikanda, au kwenye sehemu ya hasi iliyoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Sababu yake ni kwamba mzunguko unakamilika kwa kibanio cha mwisho, hivyo cheche lazima itokee hapo. Tunataka itokee mbali na gesi. Vibanio vikishashikwa na betri upande mmoja, usivigonganishe upande wa pili "kuona kama kuna moto." Hiyo ni shoti kamili, na unaifanya pembeni mwa betri.

Washa gari la msaada, liache lingurume kwa dakika tano hivi bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Baadhi ya vitabu hutaka injini hiyo izimwe wakati lile jingine linawashwa. Fuata kinachosema cha gari husika. Jaribu kuwasha kwa sekunde zisizozidi 10, pumzisha kwa dakika moja, jaribu tena. Likikataa mara ya tatu au ya nne, acha. Gusa waya, zikiwa za moto, ni nyembamba mno au vibanio havijashika vizuri.

Likiwaka, liache lingurume kidogo, washa feni ya ndani na kipasha joto cha kioo cha nyuma kwenye lile lililofufuka ili vimeze mruko wa volti unapochomoa, kisha toa kwa kurudi nyuma: cheusi cha kwenye chuma, cheusi cha betri nzima, chekundu cha betri nzima, chekundu cha mwisho. Kibanio kilichotoka kisiguse kingine wala bodi ya gari.

Hayo ni ya kujua kwa siku nyingine. Kwa leo, kama unaweza kusubiri, nakushauri chaja ya polepole badala ya kubusti. Betri ya ampea-saa 60 ichajiwe kwa ampea 6 au chini, mahali penye hewa, kwa usiku mzima. Chaja iunganishwe kwenye betri kabla ya kuwashwa ukutani na izimwe kabla ya kuchomolewa. Ina faida mbili kwako. Betri iliyokaa tupu huanza kuota fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake, na kila siku inayopita inapoteza uwezo ambao haurudi, kwa hiyo ijaze mapema. Pili, fundi hawezi kuihukumu altaneta vizuri akiwa na betri tupu. Akianza na iliyojaa, atapata jibu la uhakika.

Vifaa vidogo vya kubustia vya kubeba mkononi ni vizuri, hasa vile vinavyokataa kutoa umeme vibanio vikigeuzwa. Kingekuokoa usiku ule. Ila navyo havichaji betri, vinawasha injini tu. Kusukuma gari hakukuhusu, kwa kuwa la automatiki haliwaki kwa kusukumwa. Na hata altaneta ikiwa nzima, dakika 10 za kuzunguka mtaani hazijazi betri iliyolala. Zitarudisha sehemu tu, na kesho utasikia tena tka-tka-tka.

Fundi ninayekutuma kwake ni fundi umeme wa magari, na gari liende likiwa limevutwa au yeye aje ulipo. Usimwachie mtu yeyote kufunga waya mahali pa fyuzi kuu, hata kwa "kujaribu tu." Sehemu hiyo imeunganishwa moja kwa moja na betri, hakuna swichi wala fyuzi nyingine itakayozuia. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukaona moshi, au ukakuta fungu la nyaya ni la moto, fungua kichwa cha hasi kama unaweza kukifikia kwa usalama, usogee mbali na gari. Taa nyingine zikibaki zinawaka pia, kama ya injini, ya breki za ABS au ya mfuko wa hewa, mtajie zote, kwa sababu kompyuta zao zilipitiwa na umeme uleule.

Mwambie wazi kwamba chanya na hasi ziligeuzwa. Wengine huona haya kulisema, na fundi anapoteza saa nyingi akibadilisha vitu vizima. Akilijua, ataanza na fyuzi kuu, kisha daiodi za altaneta, halafu redio. Akishamaliza na gari likachaji, mwombe kazi moja zaidi: aipime betri kwa mzigo, volti zake zisishuke chini ya 9.6 hivi wakati wa kuwasha. Kisha alifunge gari, alisubiri kama nusu saa mpaka kompyuta zake zilale, na kupima linanyonya kiasi gani likiwa limezimwa. Akipata zaidi ya ampea 0.05, achomoe fyuzi moja baada ya nyingine huku anatazama mita. Ile itakayoshusha namba ndiyo njia ya kitu kilichoimaliza betri yako ulipokuwa safarini.